Mgori ni maabara: vyuo vipeleke wanafunzi wa baolojia msituni

Wasafiri wa barabara ya Dodoma kwenda Mwanza wanaijua asali ya Singida kabla hawajaujua mji wenyewe. Basi likisimama, wauzaji hulizunguka wakiwa na chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, sasa zimejaa asali ya rangi ya kahawia, na pembeni madumu ya mafuta ya alizeti. Abiria huonja kwa ncha ya kidole, kisha huuliza swali ambalo kila mmoja huuliza: hii ni asali ya kweli, au imechakachuliwa kwa sukari? Muuzaji huapa kwa Mungu wake. Abiria, kwa kuwa hana kipimo, humtazama usoni muuzaji na kuamua.

Kipimo kipo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya baolojia anaweza kukifanya kwa asubuhi moja, akiwa na mizani, maji ya uvuguvugu, mashine ya sentrifuji na hadubini ya kawaida. Lakini ili aweze kueleza anachokiona chini ya hadubini, lazima kwanza awe amefika kule nyuki walikotoka. Hapo ndipo elimu yetu ya baolojia inapokwama. Tunajenga maabara, tunanunua vifaa, tunaandika mitaala, na msitu ambao ndio shina la somo lenyewe tunauacha nje ya ratiba. Makala haya yanauzungumzia mmoja wa misitu hiyo: Mgori.

Msitu uliomo vitabuni

Mgori uko mashariki ya mji wa Singida, upande wa Kondoa. Ni msitu wa miombo wa takriban hekta 44,000, katika mkoa unaopata mvua ya kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, zote katika msimu mmoja. Miti inayotawala misitu ya namna hii ni ya jenasi za Brachystegia na Julbernardia, pamoja na mninga ambao mafundi seremala wote wa nchi hii wanaujua.

Jina la Mgori limesomwa mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Badala yake, mwaka 1995, vijiji vitano vinavyouzunguka vilikabidhiwa jukumu la kuulinda, kila kijiji na eneo lake, walinzi wake waliochaguliwa na wanakijiji, na sheria zake ndogo. Mwaka mmoja kabla, vijiji vya Duru-Haitemba huko Babati vilikuwa vimetangulia. Kazi hiyo ilifadhiliwa na Sweden na kuandikwa kwa kina na mtaalamu wa masuala ya ardhi Liz Wily. Uzoefu wa misitu hiyo miwili uliingia katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo iliipa nguvu ya kisheria misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima.

Kwa hiyo anayesoma usimamizi shirikishi wa misitu, awe Morogoro au Ulaya, hukutana na Mgori kwenye kitabu. Tangu wakati huo msitu umepita katika misukosuko ya moto, mkaa na mashamba mapya, kama misitu mingine ya nchi kavu. Tunaujua kwa historia yake ya utawala. Kinachohitaji kujulikana zaidi ni uhai uliomo ndani: nini kinaota, nini kinapungua, nini kinarudi baada ya shoka. Hayo ni maswali ya baolojia, na watu wa kuyajibu wako madarasani.

Anachosoma mwanafunzi

Shahada ya kwanza ya sayansi katika baolojia huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukutana na seli, vinasaba, aina za mimea na za wanyama wasio na uti wa mgongo, na takwimu, somo ambalo wengi huliogopa na ambalo baadaye huwasaidia kuliko yote. Mwaka wa pili huja fiziolojia, mikrobiolojia na ikolojia. Mwaka wa tatu hufanya utafiti wake mdogo, huandika ripoti na kuitetea. Katikati, wakati wa likizo ndefu, huenda fildi kwa mafunzo ya vitendo.

Mihadhara huchukua saa moja au mbili. Prakto huchukua saa tatu, na huko ndiko somo hugeuka ujuzi. Mwanafunzi hujifunza kukata kipande cha shina chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kukipaka rangi, kukichora kwa penseli iliyochongwa vizuri, na kuandika alichokiona badala ya alichokitarajia. Hujifunza kuotesha bakteria kwenye sahani ya agari bila kuingiza vijidudu vya mikononi mwake. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mikono hiyo.

Nchi hii haikuanza jana. Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1965, wakati chuo chenyewe kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Leo baolojia inafundishwa pia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Dodoma iko umbali wa takriban kilomita 240 kutoka Singida kwa barabara ya lami. Basi la chuo likiondoka alfajiri, adhuhuri limeshafika.

Tone la asali chini ya hadubini

Turudi kwenye asali, tuone prakto yenyewe inavyokwenda.

Mwanafunzi hupima gramu 10 za asali na kuziyeyusha katika mililita 20 za maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 40. Hutia mchanganyiko huo kwenye mirija na kuuzungusha kwenye sentrifuji kwa dakika 10. Sukari hubaki imeyeyuka majini. Chavua, kwa uzito wake, hutuama kwenye kitako cha mrija. Humwaga maji ya juu, huongeza mengine safi, huzungusha tena. Kinachobaki ni mashapo kidogo mno, ya rangi ya njano iliyofifia, ambayo huyatandaza juu ya slaidi, huyakausha, huyatia tone la jeli ya gliserini na kuyafunika kwa kioo chembamba.

Kisha huinama kwenye hadubini na kukuza mara 400. Pale ambapo jicho liliona uchafu, sasa kuna chembe zenye maumbo ya kila namna. Chavua ya alizeti ni duara lililojaa miiba pande zote. Ya nyasi ni laini, ina tundu moja tu. Ya migunga haikai peke yake: hufungamana katika vifurushi, mara nyingi vya chembe 16. Mwanafunzi huhesabu chembe 500, moja baada ya nyingine, akiweka alama kwenye daftari. Aina ikizidi asilimia 45 ya chembe zote, ndiyo inayotawala asali hiyo. Kati ya 16 na 45 ni ya pili kwa nguvu. Chini ya 3 ni ya kupita njia.

Asali iliyochanganywa na shira ya sukari huwa na chavua haba kuliko inavyopaswa. Hilo peke yake halitoshi kumtia mtu hatiani, kwa sababu asali iliyochujwa sana nayo hupoteza chavua, lakini ni ushahidi wa kwanza ambao maabara inaweza kuutoa bila gharama kubwa. Na faida yake haiishii kwa wadanganyifu. Asali inayothibitika kuwa ya miombo inaweza kuuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Mfugaji nyuki anaweza kuambiwa ni mti upi unaomlisha, na kwa hiyo ni mti upi asikubali ukatwe.

Ugumu unakuja kwenye kuzitaja chembe hizo. Umbo bila jina halisemi kitu. Ili kujua kwamba chembe hii ni ya mti fulani, lazima mtu awe amekwenda msituni mti huo ukiwa umechanua, akachuma ua, akalikandamiza kwenye gazeti, akathibitisha spishi yake, kisha akatengeneza slaidi ya chavua yake iwe kielelezo. Mkusanyiko wa vielelezo hivyo kutoka Mgori, tuseme wa mimea 100 ya kwanza, ungekuwa hazina ya kudumu katika chuo chochote. Haudai mashine ya mamilioni. Unadai wanafunzi wenye miguu, mikasi, magazeti ya zamani na mwalimu anayewasimamia.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Hapa msemo huo unasimama kama ulivyo.

Chini ya mti

Somo la pili la Mgori liko ardhini. Mvua zikishika, uyoga huchipua chini ya miombo, na akina mama huingia msituni na vikapu. Uyoga mwingi wa namna hiyo ni tunda la kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya miti. Kuvu huifunika ncha ya mzizi mithili ya ala, hupenyeza nyuzi zake kati ya seli za nje za mzizi, na hapo biashara hufanyika: kuvu huleta maji na madini, hasa fosforasi, kutoka kwenye udongo usio na rutuba nyingi, mti hulipa kwa sukari uliyoitengeneza majanini.

Mwanafunzi anaweza kuliona hili kwa macho yake. Huchimbua taratibu mzizi mwembamba wa mti wa Brachystegia, huuosha kwenye sinia la maji na kuuweka chini ya hadubini ndogo ya kukuzia vitu vizima. Ncha za mizizi huonekana butu, nene, zimevikwa kitambaa cheupe au cha kahawia, bila vinyweleo vya mzizi alivyochora kwenye daftari tangu kidato cha pili. Akikata kipande chembamba na kukipaka rangi, huuona wavu wa nyuzi za kuvu ukizunguka seli, unaoitwa wavu wa Hartig kwa jina la mtaalamu wa Kijerumani aliyeuchunguza katika karne ya 19.

Kutoka hapo anaelewa jambo linalomhusu mkulima moja kwa moja. Mche wa miombo uliooteshwa kitaluni kwenye udongo usio na kuvu hao hukua kwa tabu. Msitu uliokatwa lakini ukaachiwa visiki na mizizi huchipua tena wenyewe. Uliong'olewa visiki na kulimwa miaka mingi hurudi kwa shida. Kijiji kinachotaka kurudisha msitu wake kina haja ya kujua hilo kabla ya kununua hata mche mmoja.

Hata majani yana somo. Miombo hutoa majani mapya kabla ya mvua, yakiwa na rangi ya damu ya mzee na ya shaba, na milima yote hubadilika sura. Majani hayo yakipondwa na kutiwa maji ya moto hutoa rangi nyekundu. Ukidondoshea ndimu hukolea, ukidondoshea maji ya majivu hugeuka kuelekea kijani. Sekondari yoyote isiyo na kemikali za dukani inaweza kuifanya prakto hiyo kwa vitu vya jikoni.

Waliotangulia kutembea

Miti ya Singida iliwahi kuchunguzwa kwa bidii. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilihangaika na mbung'o na ugonjwa wa malale, na kwa kuwa mbung'o hufuata aina ya uoto, ilimtuma mtaalamu wa mimea, Bernard Dearman Burtt, kuchunguza uoto wa maeneo hayo ya kati. Alikusanya maelfu ya vielelezo. Mwezi Juni 1938 alikufa katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton, na andiko lake kubwa kuhusu uoto wa Afrika Mashariki likachapishwa mwaka 1942, yeye akiwa kaburini. Jina lake limebaki kwenye mimea: Burttia prunoides na Baphia burttii, yote miwili ya vichaka vya Itigi, wilayani Manyoni, mkoa huu huu wa Singida.

Vielelezo vyake vilikwenda bustani ya mimea ya Kew, London, na vingine Nairobi. Vilisaidia kuandika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikielezea spishi zaidi ya 12,000. Sasa kitabu kimekamilika, na zamu imefika kwa Watanzania kukitumia, kukisahihisha na kukiongezea. Kijana wa Singida anayesomea baolojia asilazimike kupanda ndege ili kuona jani lililochumwa kwao.

Nini hutokea fildi na maabara vikishikana? Mfano tunao nyumbani. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, Udzungwa, watafiti waligundua chura mdogo asiyefikia sentimita tatu, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Miongoni mwa waliomwelezea kisayansi alikuwa Profesa Kim Howell, mwalimu wa zuolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chura huyo aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji mwaka 2000, makazi yake yalikauka. Baadaye ukaja ugonjwa wa kuvu, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Amebaki hai kwa sababu chura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2010 chura 100 walirudishwa kwenye maabara maalumu chuoni Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Tukumbuke mwanzo wa kisa hicho. Bila mtu aliyetembea korongoni na kumtambua, chura yule angetoweka bila hata kuwa na jina, na wala tusingejua kwamba tumepoteza kitu. Ni viumbe wangapi wa Mgori wako katika hali hiyo leo?

Pengo linaanzia sekondari

Haitakuwa haki kuwalaumu wanafunzi. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baolojia. Wananchi walichangia fedha, mchanga, mawe na nguvu zao, na majengo yakasimama. Vifaa, kemikali na wataalamu wa maabara vilifuata kwa mwendo wa taratibu. Matokeo yake wapo vijana wanaofaulu michepuo ya sayansi ya PCB au CBG vizuri kabisa, wakaingia chuo kikuu, na huko wakahitaji kuonyeshwa namna ya kuirekebisha hadubini.

Wakifika chuoni wanakutana na msongamano. Hadubini moja huzungukwa na wanafunzi kadhaa. Mmoja anaona, wengine wananakili mchoro wake. Safari ya fildi, kwa kuwa inahitaji mafuta, posho na bima, huwa ya kwanza kufutwa bajeti inapobana. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akijua mzunguko wa nitrojeni kwa kichwa na asiweze kutaja miti mitano iliyo nje ya bweni lake.

Fedha zinazokuja sasa zinaweza kubadilisha hali hiyo. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa HEET, unaojenga na kukarabati madarasa na maabara katika vyuo vikuu vya umma. Ni jambo jema na lilihitajika. Lakini maabara mpya ya baolojia isiyo na sampuli kutoka misitu yetu itaishia kutazama slaidi za kuagiza, za mimea ambayo mwanafunzi hatakutana nayo maishani.

Kifanyike nini

Kwanza, Mgori iingizwe katika ratiba ya somo la ikolojia na la aina za mimea, isiwe safari ya hiari. Muhula wa kwanza huangukia msimu wa mvua, wakati uyoga umechipua na mimea ya chini imechanua. Wiki moja inatosha kuanzia.

Pili, wanafunzi wapime ploti za kudumu. Ploti ya mita 20 kwa 20, pembe zake zikiwekewa alama, kila mti ukipimwa unene wake kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini na kutambuliwa jina, ni kazi ya siku moja kwa kikundi kimoja. Darasa la mwaka unaofuata lirudi kwenye ploti zile zile. Baada ya miaka kumi chuo kitakuwa na takwimu ambazo hakuna mtafiti wa kupita anayeweza kuzikusanya: miti mingapi imekufa, mingapi imechipua, hewa ya ukaa kiasi gani imehifadhiwa.

Tatu, wanakijiji wawe walimu katika safari hizo, na walipwe. Mlinzi wa msitu na mrina asali wanajua mti upi huchanua lini, na ndege yupi huja na mvua. Wanafunzi wapite kwanza ofisi ya kijiji, waombe ruhusa, na kila jina la mmea kwa Kinyaturu, lugha ya wenyeji, liandikwe kwenye lebo ya kielelezo pamoja na jina la kisayansi na la aliyelitaja.

Nne, matokeo yarudi. Ripoti ikishasahihishwa chuoni, kurasa mbili za Kiswahili zipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu, na seti moja ya vielelezo ibaki katika sekondari ya kata, ili mwanafunzi wa kidato cha pili aikute mimea ya kwao ikiwa na majina.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri teknolojia isiyokuwepo nchini. Linalosubiriwa ni uamuzi. Wakuu wa ndaki za sayansi, Dodoma na kwingineko: tengeni basi moja, mtaalamu mmoja wa mimea na wiki moja katika ratiba ya mwaka ujao wa masomo. Halmashauri ya Wilaya ya Singida: waalikeni na muwape mahali pa kulala na kukaushia vielelezo. Nawe kijana unayejaza fomu za kuomba nafasi ya kusoma baolojia, kiulize chuo unachokitaka swali moja kabla ya kulipa ada: mtatupeleka msituni mara ngapi?